Waliotia Dole

Tarehe 21 Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai wa pande za Ngorongoro na Loliondo walikubali kwa maandishi, kwa niaba ya Wamaasai wote wa huko, kuiachia serikali Serengeti ya magharibi. Waliacha miamba ya Moru na maji yake, waliacha malisho ya nyanda za chini, na wakakiri kwamba wakishatoka hawatarudi kukaa. Karatasi yenyewe ni fupi, ya Kiingereza cha kisheria, cha aina ambayo hata mwalimu wangu wa shule ya kati angekisoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Wazee wakaweka alama zao chini yake. Mimi nimezoea kuwaita waliotia dole.

Vijana wa siku hizi hapa Karatu wanawaita vibaraka. Nawasikia kwenye vijiwe vya bodaboda, nawasikia hata wajukuu zangu wakisoma simu zao: wazee waliuza nchi, wazee walihongwa, wazee hawakujua kusoma. Yote matatu husemwa kwa pumzi moja, ingawa hayawezi kukaa ndani ya mtu mmoja. Aliyehongwa alijua anachokifanya. Asiyejua hakuuza kitu.

Nina sababu ya kutoyapokea maneno hayo kirahisi. Baba yangu hakuwa miongoni mwa wale 12, wala hakuwa Mmaasai. Alikuwa Mwiraqw, karani wa baraza la wenyeji upande wetu huu, wakati Karatu ingali sehemu ya wilaya ya Mbulu. Lakini alikuwa wa kizazi hicho hicho: wanaume waliozaliwa Mjerumani akiondoka na Mwingereza akiingia, wakakua wakakuta boma limeshajengwa, kodi ya kichwa imeshapangwa, na lililobaki kuamuliwa ni nani ataikusanya. Jumbe, tarishi, karani, mzee wa baraza, chifu. Bila wao Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, asingetawala hata kijiji kimoja, maana alikuwa mtu mmoja mwenye Landrover na ramani. Na wao bila yeye wangebaki wafugaji na wakulima kama jirani zao. Hapo ndipo ugumu wao ulipoanzia.

Nakumbuka kifaa cha wino alichokuwa nacho baba. Kilikuwa kikopo bapa cha bati, ndani yake kitambaa kilicholoa wino wa zambarau. Mtu akija kutia dole hakuachiwa atie mwenyewe. Baba alimshika kiganja, akakigeuza, akalaza kidole gumba juu ya kitambaa, akakiviringisha kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kisha akakipeleka kwenye karatasi na kukiviringisha tena. Mwenye kidole alitakiwa kulegeza mkono. Akikaza, ilitoka doa tu, na ikabidi kurudia. "Legeza," baba alikuwa akimwambia, kwa upole kabisa, "legeza, mzee wangu." Wino ule haukutoka kwa maji. Watu walikwenda njia nzima wakijisugua kwa majani na mchanga.

Basi nikisikia kwamba fulani alitia dole, huwa najiuliza pia ni nani aliyemshika mkono.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ulikuja Mpango wa Maendeleo wa Mbulu. Serikali ilisema ardhi ya zamani imechoka, mifugo imezidi, udongo unakwenda na mvua. Vichaka vya mbung'o vifyekwe, watu wasogee maeneo mapya, malambo yachimbwe, na mwenye ng'ombe wengi apeleke sehemu yao mnadani. Lazima niseme haki: mpango ule ulikuwa na akili ndani yake. Karatu hii yenye ngano na mahindi mpaka ukingo wa msitu ilizidi kufunguka miaka ile. Lakini ng'ombe wa kupunguzwa alikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa na jina, na jina lilitakiwa liandikwe.

Baba alianza orodha yake kwa kaka yake wa tumbo moja, asije akaambiwa amependelea. Na kwetu ng'ombe walio zizini kwako si lazima wote wawe wako. Huyu umewekewa na shemeji, yule na rafiki wa mbali, wewe unakunywa maziwa na kupata samadi, mwenye mali anajua mali yake iko salama hata ugonjwa ukipita kwake. Karani hakuwa na safu ya kuandikia hayo kwenye daftari lake. Zizi moja, jina moja, idadi moja. Baba mkubwa akatia dole kwa ng'ombe waliokuwa wa watu wanne au watano, wakaenda mnadani, na fedha walizotoa hazikutosha kumrudishia kila mtu chake. Ugomvi uliofuata uliishi kuliko ng'ombe wenyewe. Baba mkubwa hakula tena nyumbani kwetu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba juu ya orodha ile. Alinijibu bila hasira: "Nisingeandika mimi angeandika mwingine, na huyo mwingine angewaruka wenye nguvu." Ilikuwa kweli, nami sikuwa na la kumjibu. Taabu ya jibu hilo ni kwamba huwa kweli kila mara. Kila aliyewahi kushikilia kalamu ya mwenye nguvu anaweza kulitoa, mwema na mbaya, na mwenye nguvu anajua hivyo. Ndiyo maana hutafuta karani mwaminifu. Mlafi angeharibu hesabu.

Wairaqw hatukuwa na machifu kabla ya wageni. Tulikuwa na wazee wa kuongoza mazungumzo, tulikuwa na waganga wa mvua, tulikuwa na mikutano ya wanaume chini ya mti ambayo haikuisha mpaka kila mbishi achoke. Uchifu ni cheo kilicholetwa na Mjerumani na kukazwa na Mwingereza, hasa baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, enzi za Gavana Donald Cameron. Kwa Wamaasai mambo hayakuwa mbali sana na hayo. Laigwanani, kiongozi wa rika, husemea rika lake, tena baada ya rika kukaa na kukubaliana. Hasemei rika la baba zake, hasemei wanawake, na kugawa ardhi si kazi yake kwa kuwa si kazi ya mtu yeyote. Serikali ya 1958 ilihitaji mtu mwenye mamlaka ya kutoa Serengeti, na mtu huyo hakuwapo. Ikabidi atengenezwe.

Kwa nini iliitaka karatasi, wakati ilikuwa na bunduki? Ninavyoona mimi, jibu liko Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima Meru. Novemba 1951 serikali iliwaondoa huko Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi. Wameru hawakutia dole. Walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo Mwingereza alilazimika kukaa kwenye kiti na kumsikiliza Mmeru akimshitaki. Ardhi haikurudi kwa hotuba ile. Lakini maofisa walijifunza kwamba watu wanaoondolewa wakilia husikika mbali, ila watu walioafiki hawana pa kulilia. Ilipofika zamu ya Serengeti, baada ya kamati ya uchunguzi ya Sir Barclay Nihill ya 1957, hakuna aliyechoma nyumba. Iliandaliwa meza.

Mzee aliyeketi upande wa pili wa meza ile alikuwa na hesabu gani? Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilikuwa imetangazwa tangu 1951, nayo ilikuwa imeimeza hata Ngorongoro yenyewe, na kreta ndani yake. Wakulima walikuwa wameshaanza kusumbuliwa. Sasa anaambiwa: toka magharibi, ubaki na nyanda za juu, maji utachimbiwa, na sheria itakulinda huko. Akikataa, huenda akapoteza kote kuwili. Mkuu wa kaya yeyote, mwenye watoto na ng'ombe wanaosubiri kunywa, angeelekea kule walikoelekea wale 12. Mimi siwalaumu kwa walichokipata. Lawama yangu ni ndogo na ya aina nyingine: kwamba pale walipoambiwa waseme kwa niaba ya wote, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mmoja wao alisema, hili si langu kulitoa, nendeni mkaulize nyumba kwa nyumba. Huenda alisema na halikuandikwa. Mtoto wa karani najua yanayoachwa nje ya maandishi.

Na sisi Wairaqw tusijifanye watazamaji. Habari za Serengeti zilipotufikia tulisikia kwamba Wamaasai wamepewa Ngorongoro na wanyama wamepewa Serengeti, tukaona ni sawa. Babu zetu walikuwa wamechimba nyumba zao ndani ya ardhi, paa likalingana na uwanja, ili morani apite bila kujua kuna zizi chini ya miguu yake. Hatukuwa na sababu ya kumlilia Mmaasai. Tena sehemu za Karatu na Mbulumbulu tulizokuwa tukizilima zilikuwa zimewahi kuona ng'ombe wa Kimaasai na wa Kidatoga kabla ya majembe yetu, na walowezi wa kahawa wa Oldeani walishapimiwa mashamba yao juu yetu. Kila mmoja alikuwa amesogea kidogo ndani ya nafasi ya mwenzake, na aliyekuwa na mashine ya kupimia ndiye aliyeitwa mwamuzi.

Mwaka 1959 sheria ya Ngorongoro ikapita na eneo likakatwa kutoka Serengeti; leo linahesabiwa kuwa kilomita za mraba 8,292. Agosti mwaka huo Gavana Richard Turnbull aliliambia baraza la Wamaasai kwamba ikitokea mgongano kati ya wanyama na wakazi wa Ngorongoro, wakazi watatangulizwa. Hayo yalisemwa hadharani na yameandikwa. Mamlaka ya kwanza iliyoundwa ilikuwa na Wamaasai ndani yake. Haikufika mbali, kufikia 1961 ilikuwa imevunjwa na mambo yakawekwa chini ya mhifadhi mmoja, Henry Fosbrooke, mzungu aliyewajua Wamaasai kuliko wengi na aliyeandika juu yao kwa heshima. Heshima si kura, lakini.

Msinifikirie kwamba watu wa kizazi kile walikuwa wakimchukia kila mwenye cheo cha Mwingereza. Agosti 1960 kulikuwa na uchaguzi. Viti vilikuwa 71, na 58 kati yake vilipita bila kupingwa. TANU ilichukua 70. Kile kimoja kilichoiponyoka kilikuwa cha kwetu, Mbulu. Aliyekichukua ni Chifu Herman Sarwatt, mwenyewe mwanachama wa TANU, aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea wa chama. Nchi nzima inaimba uhuru, na watu wetu wanampigia kura chifu. Wapo waliosema ni ushamba. Mimi nilikuwa kijana mdogo, lakini nilisikia mazungumzo ya watu wazima, na ushamba sikuusikia. Walikuwa wakisema: huyu tunajua alipotukosea na tunajua kwake. Huyo mwingine tumeletewa. (Mwaka 1995 chama tawala kilimwacha Wilbrod Slaa kwenye mchujo wa Karatu, akahamia Chadema, tukampa ubunge, akaushika miaka 15. Ukaidi wa huku una historia yake.)

Mwaka 1963 machifu wakafutwa kwa sheria. Baba akawa karani wa halmashauri. Meza ileile, kikopo kilekile cha wino.

Hapo ndipo tulipoingia sisi. Tulikuwa tumesoma, tulikuwa na Azimio la Arusha mdomoni, na tuliwaonea haya baba zetu. Neno kibaraka tulilitumia sana. Vijana wa leo hawakulibuni. Wenzangu niliosoma nao wakawa mabwana shamba, mabwana wanyama, makatibu tarafa, askari. Tuliamini kwamba kwa kuwa mtawala sasa ni wetu, swali la nani anasema kwa niaba ya nani limekwisha. Kwa hiyo hatukumuuliza mtu.

Mwaka 1974 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Hawakupewa notisi ya maana. Askari na watu wa hifadhi walifika, ng'ombe wakaswagwa juu, vyombo vikapakiwa vikaenda kumwagwa kando ya barabara. Kreta ile ilishawahi kuwa shamba la mtu: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Mjerumani Adolf Siedentopf alifuga ng'ombe chini huko, na mabaki ya nyumba yake yako karibu na mto Munge mpaka leo. Wamaasai walikuwapo kabla yake na walikuwapo baada yake. Mjerumani mwenye shamba hakuweza kuimaliza kreta watu; waliweza vijana wa rika langu, kwa asubuhi chache. Mwaka uliofuata sheria ikakataza kilimo Ngorongoro. Katazo hilo likalegezwa 1992 kwa sababu ya njaa, likarudishwa 2009. Nimetafuta karatasi ya 1974 yenye alama za wazee waliokubali. Haipo, kwa kuwa hakuna aliyeona haja nayo.

Ndiyo maana hukumu ya vijana juu ya wale 12 hainitoshi. Mwingereza aliwadanganya wazee, lakini alilazimika kuwadanganya. Alihitaji meza, kalamu, mashahidi, na ahadi ya gavana ambayo miaka 60 baadaye mtu anaweza kuitoa sandukuni na kuuliza imekwenda wapi. Wale 12 walituachia angalau hilo. Sisi, waliotufuata tumewaachia nini cha kushikia? Wapo wa rika langu waliolibeba swali hilo vizuri kuliko mimi. Lazaro Moringe Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro tangu 1980 hadi 1990, alikwenda Geneva mwaka 1989 kusema mbele ya kikundi cha Umoja wa Mataifa kilichohusika na watu wa asili. Miaka 37 baada ya Kirilo Japhet, njia ile ile, safari hii akiishitaki nchi yake mwenyewe. Nyumbani wapo waliomwona msaliti. Nilikuwa mwalimu wakati huo na nawakumbuka waliosema hivyo. Baadhi yao ndio leo wanaonukuu jina lake.

Tangu 2022 kaya zimekuwa zikihama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Magari yao hupita hapa kwetu, barabara ni hii moja. Serikali inasema wanahama kwa hiari, wapo wanaosema hivyo wenyewe, na wapo wanaokana kwa nguvu mpaka kufunga barabara kama walivyofanya Agosti 2024. Mimi sikai huko na sitaki kusema kwa niaba yao, maana ndilo kosa ninalolizungumzia. Ninachouliza nikikutana na kijana mwenye fomu ni kile ambacho safu za baba yangu hazikuuliza: ng'ombe hawa ni wa nani na nani? Mke amesema nini? Mama mzee je? Mmoja alinijibu kwamba fomu ina nafasi ya mkuu wa kaya tu, akacheka, akaniambia mzee, nisingejaza mimi angejaza mwingine. Sikumwambia nimeshawahi kulisikia.

Ukipanda kutoka lango la Lodoare, ukingoni mwa kreta kuna kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyeanguka na ndege tarehe 10 Januari 1959 akiwa na umri wa miaka 24, katika kazi ya kuwahesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar. Baba, Profesa Bernhard Grzimek, alikufa 1987 akazikwa hapo hapo. Watalii husimama, husoma maandishi, hupiga picha. Sina chuki na kaburi lile. Kijana alikufa akifanya alichokiamini. Na kule Moru, wageni huonyeshwa ngao zilizochorwa miambani na morani kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, kisha dereva huwaambia kwamba zamani Wamaasai waliishi hapa, na gari huendelea kutafuta simba.

Niliwahi kupendekeza kwenye mkutano mmoja wa wadau, na siutaji ni wa nani, kwamba maneno ya makubaliano ya 1958 yachongwe kwenye jiwe, kwa Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza, pamoja na maneno ya Turnbull ya 1959, na jiwe liwekwe ukingoni ambapo gari zinasimama. Pendekezo lilipokelewa vizuri. Mwenyekiti akasema liingizwe kwenye mengineyo, na muhtasari ulipotoka niliukagua mstari kwa mstari. Mengineyo yalikuwa mawili: choo cha wageni, na kumshukuru mpishi.